Usaili wa MBA nje: tunaangushwa na Kiingereza, kukariri au kujishusha?

#1 Mshika Kalamu
Wakuu salaam. Nimeitwa usaili wa MBA, ile shahada ya uzamili ya biashara, pale Chicago Booth, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Chicago huko Marekani, utafanyika kwa Zoom, anayenihoji ni mtu aliyehitimu pale na kwa sasa yupo Nairobi. Nimekusanya yale maswali yanayojirudia kila mahali: nieleze kuhusu wewe, kwanini MBA, kwanini sasa, kwanini shule hii, lini ulifeli, lini uligombana na mtu kazini, udhaifu wako, una swali lolote. Kila moja nimeliandikia jibu kwenye daftari na nalisoma kwenye daladala mpaka konda ananiangalia vibaya.

Sasa juzi jamaa yangu mmoja kaniambia Watanzania hawafeli usaili kwa akili wala kwa lugha, wanafeli kwa kukariri, na hilo daftari ndo litanizika. Mi nabisha. Aliyekariri vizuri ni bora kuliko anayebabaika. Waliopita huko mseme, tena kwa mifano, maneno matupu nimechoka nayo.

#2 Mla Urojo
Nimeweka kiti. Ngoja waje wenye uzoefu.

#3 Bwana Mapesa
Hongera mkuu, kuitwa tu ni jambo, wengine tunaishia kwenye ile barua ya kusikitika.

Jamaa yako kasema kweli. Binamu yangu aliomba shule moja huko huko ughaibuni, akaulizwa ajieleze, akaanza kumwaga shairi lake, yule mtu akamkatiza katikati akauliza kitu kingine kabisa, binamu akajibu kidogo halafu akarudi palepale alipokatizwa akaendelea na shairi! Mpaka leo ukoo mzima tunamtania. Halafu ujue shule kama Harvard zinatumia wazee waliosoma pale zamani, wale hawana subira kabisa.

#4 Fundi Sivii
Mkuu #3 kwenye Harvard umetuingiza chaka. Harvard wanaohoji ni watu wa bodi yao wenyewe ya udahili, dakika 30, na huyo mtu kashasoma faili lako lote: insha, barua za waliokupendekeza, alama za chuo, kila kitu. Kwa miaka mingi hata walikuwa wanataka ukitoka pale uwaandikie tafakari yako ndani ya masaa 24. Wanaotegemea wahitimu sana ni Stanford, INSEAD na London Business School. Booth wanachanganya, unaweza kupewa mhitimu, unaweza kupewa mwanafunzi.

Na hapo ndo pa kuanzia kabla hamjabishana kuhusu madaftari. Uliza kwanza: anayenihoji anajua nini kuhusu mimi? Booth na Stanford mtu ana CV yako peke yake. Hajui alama zako za GMAT, ule mtihani wa kuombea MBA, insha uliyolala nayo mwezi mzima hajaiona. Kwa hiyo akisema "nieleze kuhusu wewe" anauliza kweli, hajui, mpe safari yako kwa dakika mbili na sababu ya kila ulipokata kona. Harvard na MIT Sloan ni kinyume. Ukianza kuwasimulia ulizaliwa wapi unawapotezea muda, wao wanaingia na "hapa umeandika uliacha kazi baada ya miezi nane, ilikuwaje?".

Wharton ndo kabisa. Wanakuchanganya na waombaji wenzako watano hivi, mada mnapewa mapema, kila mmoja ana dakika yake ya kufungua halafu mnajenga kitu kimoja pamoja, dakika 35 zimeisha. Ndo unabaki na mtu mmoja kama dakika 10. Sasa huko daftari utalisomea nani?

#5 Bwana Mapesa
Nimekubali kwenye Harvard. Ila fundi wewe mbona unaongea kama ofisi ya udahili? 😂

#6 Fundi Sivii
Nimepita huko mkuu, na siku hizi nawasaidia watu kujiandaa. Ndugu bure, wageni chai tu.

#7 Mama wa Newala
Acha niongezee upande wa Sloan. Wale hawakuulizi "ungefanya nini", wanakuuliza "ulifanya nini", halafu wanachimba mpaka unatoka jasho.

Mimi nilikuwa nasimamia ghala la korosho kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani. Nikaambiwa nitaje wakati nilipomshawishi mtu ambaye hakutaka kushawishika. Nikaanza vizuri tu, kwamba wakulima walikuwa wanalalamikia uzito, tukakaa na uongozi wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, tukafikia muafaka. Yule mama akaniuliza, nani alikaa na nani? Nikasema mimi na mwenyekiti. Ulimwambia nini, maneno ya kwanza kabisa? Yeye akajibuje? Wewe ulijisikiaje aliposema hivyo? Kesho yake asubuhi ulifanya nini?

Basi ikabidi nimwambie ilivyokuwa. Kwamba mwenyekiti aliniangalia akasema "binti, mizani hii imekuwepo kabla hujazaliwa". Sikubishana nae. Nikaomba watu wa Wakala wa Vipimo waje, tukapima magunia kumi yale yale, kwanza mzani wa chama halafu mzani wao, wakulima wamesimama pembeni wanaangalia. Gunia la tatu tu watu wakaanza kunong'ona. Mwenyekiti mwenyewe ndo akanyanyuka akatangaza kwamba mzani unabadilishwa, akatangaza kama wazo lake, nikamwachia. Yule mama wa Sloan hapo ndo aliandika kwa muda mrefu, hasa nilipomwambia nilimwachia sifa kwa makusudi sababu msimu ujao bado ningemhitaji.

Sasa mjue kwenye maandalizi yangu mimi hiyo habari yote nilikuwa nimeiandika kwa mstari mmoja: "nilitumia mbinu ya ushirikishwaji wa wadau".

#8 Mla Urojo
Ushirikishwaji wa wadau 😂😂😂 Hicho ni Kiswahili cha warsha na posho. Kimeua wengi.

#9 Mkenya Mpole
Niaje wadau wa bongo. Huyo mama ameongea poa, lakini mimi nadhani shida ni ingine. Shida yetu huku Afrika Mashariki ni kujishusha. Umelelewa ukijisifu unaambiwa una maringo, sasa mtu anaingia usaili anasema tulifanya, tulifikisha, tukaongeza mauzo, na yule anayehoji anaandika kwa karatasi yake: haijulikani huyu alifanya nini. Kuna dada tulikuwa tunafanya naye kazi, mkali sana, yeye ndiye alijenga mfumo wote wa malipo wa kampuni karibu peke yake, lakini kwa mazoezi yote ni "timu yetu, timu yetu". Tukakaa naye jioni moja hapa Westlands tukasema kila akitaja timu bila kusema yeye alifanya nini, anatoa mbao, yaani shilingi ishirini. Alilipia chai ya meza nzima, na bado ilibaki chenji!

Kwa hivyo kukariri sio shida. Kariri, lakini kariri ukijitaja wewe.

#10 Mama wa Newala
Kaka yangu wa Nairobi, hapo taratibu. Mbona kuna wanaofeli kwa mimi, mimi, mimi? Fikiria ule usaili wa kundi wa Wharton aliousema #4. Mtu aliyeambiwa ajipige kifua anaingia pale anameza dakika za wenzake, na kuna watu wamekaa kimya wanaangalia nani anampa mwenzake nafasi. Nilishuhudia kwenye mazoezi, kijana wa watu ana hoja nzuri kuliko wote, ila hakuna aliyetaka kuwa nae kundi moja.

#11 Mzee wa FCM
Vijana hamjambo. Mimi nimesoma kitivo cha biashara cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kikiitwa FCM, kabla hakijawa shule ya biashara, UDBS, mwaka 2008. Kipindi changu hatukuhojiwa, ilikuwa vyeti na fomu, ukichaguliwa umechaguliwa. Lakini nimekaa upande wa pili wa meza miaka mingi nikiajiri, nawaambia si kukariri wala kujishusha. Ni kutosikiliza. Unamuuliza mtu swali lenye sehemu mbili anajibu moja, ile nyingine imepotelea hewani kwa sababu kichwani anatafuta ukurasa. Na mwisho ukimuuliza "una swali lolote?" anakwambia hapana, umenieleza vizuri sana. Nilikuwa nafunga faili palepale.

#12 Bwana Mapesa
Shikamoo mzee. Kwa hiyo watu walinyimwa kazi kwa sababu wana adabu?

#13 Mzee wa FCM
Marahaba. Walinyimwa kwa sababu walikuwa wanataka mshahara, kazi yenyewe hawakuwa na haja ya kuijua. Mtu anayetaka kukaa nyumba anauliza maji yanatoka siku gani.

#14 Fundi Sivii
Hilo la mzee lina uzito. Na kwa mhitimu usimuulize kitu kilichopo kwenye tovuti. Ada, tarehe, idadi ya wanafunzi, hayo yote yameandikwa. Muulize yeye: somo gani uliliona la kupoteza muda ukiwa pale na sasa unalitumia? Ungerudi ungefanya nini tofauti? Atacheka, ataanza kusimulia, na wewe unapumua.

#15 Mpemba wa Maskati
Asalaam aleikum. Mie niko huku Oman, niliomba INSEAD, na kampasi yao ya Abu Dhabi iko hapa jirani tu. Hao wana usaili na wahitimu wawili, kila mtu siku yake, nao wanakwandikia ripoti mbali mbali. Kabla yake kuna maswali ya video, swali linatokea kwenye skrini, unapewa nukta chache za kufikiri kisha kamera inawaka, hakuna wa kumtazama usoni. Hiyo nakwambieni ndiyo ngumu kuliko zote, maana ukikosea huoni mtu akikunja uso ukajirekebisha.

Wa kwanza alikuwa mtu wa mafuta, tulionana mkahawani, akauliza hesabu za biashara ya mjomba wangu ninakofanya kazi, tunanunua kwa bei gani, nani anabeba hasara mzigo ukichelewa bandarini. Wa pili hakuuliza biashara hata kidogo. Aliuliza kwa nini nimeishi nchi tatu na marafiki zangu wote wanatoka Wete, kwetu Pemba! Jamani niliishiwa maneno. Sasa hapo kipi ningekariri?

#16 Mla Urojo
Yakhe, marafiki wote wa Wete, hilo swali hata mie ningelikimbia 😂

#17 Mshika Kalamu
Asanteni sana wakuu, nimesoma zote. Bado sijashawishika kutupa daftari. Ngoja niweke jibu langu la "kwanini MBA" mlione:

"Nina uzoefu wa miaka mitano katika sekta ya benki. Nimebaini kuwa nahitaji kuongeza ujuzi wa uongozi na fikra za kimkakati. MBA itanipa maarifa na mtandao wa kimataifa ili niweze kuleta mabadiliko chanya katika sekta ya fedha Tanzania na Afrika kwa ujumla."

Haya, pigeni.

#18 Fundi Sivii
Ondoa neno benki weka hospitali. Bado linasimama? Weka jeshi. Bado linasimama. Hilo jibu halina mwenyewe mkuu.

Hebu tuambie, pale benki unafanya nini ukiingia asubuhi?

#19 Mshika Kalamu
Mikopo ya wafanyabiashara wadogo na wa kati, tawi la Kariakoo. Asubuhi nazunguka madukani kuwatembelea wateja, mchana naandika ripoti za maombi.

#20 Fundi Sivii
Na maombi yanayokataliwa yanakataliwa kwa nini?

#21 Mshika Kalamu
Hati. Mtu anauza vitenge, mzunguko wake kwenye simu na benki unauona kabisa ni mkubwa, pesa inaingia kila siku kasoro Jumapili, ila kapanga fremu, kapanga nyumba, hana hati ya kuweka dhamana. Anataka hela ya mzigo Guangzhou. Namkatalia. Mwenzake ana nyumba ya urithi Mbagala na duka linapumulia mashine, huyo anapata. Halafu huyo wa urithi ndo namfukuzia marejesho mwaka mzima.

#22 Mama wa Newala
Hiyo! Sasa hilo ndo jibu lako, umeliandika hapa bila daftari.

#23 Mkenya Mpole
Wacha kwanza, msimdanganye. Hiyo ni stori tamu lakini huyo anayemhoji yuko Nairobi. Akisema anataka mikopo ya kuangalia mzunguko wa simu ataulizwa hivi: mikopo ya simu ya M-Shwari ilianza 2012, Fuliza ikaja 2019, wewe unaleta nini kipya? Na hata kwenu M-Pawa ilikuja 2014. Hapo ndio watu huanguka, sio kwa swali la kwanza, kwa lile la pili.

#24 Mshika Kalamu
Hizo ni hela ndogo ndogo na za muda mfupi mkuu. M-Shwari unarudisha ndani ya siku 30. Mzigo wa China unalipia leo, unakaa baharini, unakaa bandarini, ukifika ndo unaanza kuuza. Huyo mtu anahitaji miezi minne mitano na kiasi ambacho simu haiwezi kumpa, na benki hatumpi kwa sababu ya hati. Yupo katikati hapo hana wa kwenda kwake, anaishia kwa wakopeshaji wa mtaani.

#25 Mkenya Mpole
Sawa. Sema hivyo hivyo. Halafu atakuuliza la tatu: na hiyo inahitaji MBA kwa nini, si ujaribu tu hapo kazini?

#26 Mshika Kalamu
Nilijaribu kupeleka pendekezo makao makuu. Wakaniuliza maswali ya jinsi ya kupima hatari ya mkopo usio na dhamana na mtaji utakaotengwa, nikawa sina majibu ya kitaalamu. Mimi ni mtu wa sosholojia wakuu, hesabu za benki nimejifunzia kazini.

#27 Fundi Sivii
Na Booth sifa yao kubwa ni nini? Fedha na uchumi wa takwimu. Mtaala wao unakuacha uchague masomo mwenyewe kwa sehemu kubwa kuliko shule nyingi. Basi, "kwanini shule hii" nayo umeshaijibu. Hizo posti zako tatu hapo juu zisome tena, usizikariri neno kwa neno, kumbuka tu mtu wa vitenge, mtu wa urithi na swali la makao makuu. Mengine yatakuja yenyewe.

#28 Lugha Gongana
Mnazunguka mbuyu. Hayo yote kayaandika kwa Kiswahili na ndo maana yametoka matamu. Mwambieni ayaseme kwa Kiingereza, saa hizi, bila kuandika, muone. Msingi tumesoma kwa Kiswahili, sekondari tukahamishiwa Kiingereza cha kunakili ubaoni, chuo tukaandika, KUONGEA tumeongea lini? Mtu anakariri kwa sababu akiachia karatasi sentensi haziji. Kukariri ni dalili, ugonjwa wenyewe ni lugha.

#29 Bwana Mapesa
Mbona Wakenya wanaongea Kiingereza toka chekechea na #9 anasema nao wanafeli?

#30 Lugha Gongana
Hao wana ugonjwa wao. Mi naongelea wetu.

#31 Mkenya Mpole
Ati ugonjwa wetu 😂 Lakini sikatai. Strathmore Business School hapa wanafundisha kwa visa vya biashara, yaani mikasa ya kampuni mnayoijadili, darasa zima ni kuongea, na unaona mtu wa alama za juu ananyamaza mwezi wa kwanza wote. Na huyo Kiingereza anakijua.

#32 Mama wa Newala
Dawa niliyotumia mimi ni hii, kila jioni nampigia dada mmoja tunaongea Kiingereza nusu saa, sio maswali ya usaili, mambo ya kawaida tu: bei ya nyanya, mume wa fulani, kilichotokea kazini leo. Mwanzo tulikuwa tunaoneana aibu na kucheka. Usaili ukafika mdomo ushazoea kusimulia. Lafudhi haijanikosesha kitu, kilichokuwa kinanisumbua ni kutafsiri kichwani.

#33 Saa Mbovu
Samahani natoka nje ya mada kidogo ila ni muhimu. Mshika Kalamu, wewe anayekuhoji yupo Nairobi, saa zenu moja, upo salama. Wengine mnaohojiwa na watu wa Marekani na Uingereza angalieni kalenda. Wenzetu wanabadilisha saa, sisi hatubadilishi. Uingereza wanarudisha saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na usaili wa awamu ya kwanza wengi unaangukia humo humo. Saa 4 asubuhi ya New York ni saa 11 jioni ya Dar, ila wakishabadilisha inakuwa saa 12 jioni. Kuna rafiki yangu alifungua Zoom akakaa amevaa suti anaangalia skrini tupu saa nzima, akazima kwa hasira akaenda kuoga, kumbe mtu wa watu ndo anaingia. Bahati nzuri walimpangia siku nyingine.

#34 Mla Urojo
Na jogoo je? Mie usaili wangu wa kazi jirani anafuga kuchi.

#35 Saa Mbovu
Jogoo mhamishe. Umeme ndo usimwamini, chaji laptopu, weka bando kwenye simu pembeni hata kama una intaneti ya nyumbani, na Zoom iwe tayari kwenye simu. Ukikatika unarudi ndani ya dakika moja, unasema samahani mara moja tu, unaendelea. Ukianza kuelezea historia ya umeme dakika zako zinaliwa.

#36 Kijiti
Wakuu mmesahau jambo kubwa. Ukiulizwa mipango yako sema UTARUDI NYUMBANI. Wanaangalia sana hilo. Mimi nilisema nitarudi kuhudumia wazazi na nikapita.

#37 Fundi Sivii
Kijiti unachanganya usaili wa shule na wa viza. Pale ubalozini kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi ya Marekani, ndo unatakiwa uoneshe huna nia ya kuhamia. Shule inaangalia kitu kingine, je hiyo kazi unayosema unaitaka inawezekana na inatokana na ulichofanya mpaka sasa? Ukisema unaanza ushauri wa biashara McKinsey au BCG, hata ofisi zao za Nairobi, halafu unarudi kwenye mikopo, ni sawa kabisa.

#38 Mpemba wa Maskati
Lakini inategemea na nani analipa. Ufadhili wa Stanford kwa Waafrika una sharti la kurudi kufanya kazi Afrika baada ya kumaliza. Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, nao wanataka urudi kwenu miaka miwili, tena usaili wao unauliza uongozi, mtandao wa watu na mpango wa kazi kuliko unavyouliza biashara. Kwa hiyo Kijiti hakukosea sana kama alikuwa na mfadhili.

#39 Kijiti
Ilikuwa viza 😀

#40 Mla Urojo
😂😂😂 Uzi ufungwe.

#41 Bwana Mapesa
Usifungwe, swali la kufeli hatujaligusa. Mimi nasema usitaje kufeli kwa kweli. Utajipa vipi kisu mwenyewe? Taja kitu kidogo, mfano ulichelewesha ripoti, ukajifunza kupanga muda.

#42 Mama wa Newala
Hapana jamani. Ripoti iliyochelewa ni sawa na kusema udhaifu wako ni kufanya kazi kupita kiasi. Wameshasikia hiyo kwa watu elfu.

#43 Mzee wa FCM
Namuunga mkono binti. Nilipokuwa nahoji, aliyetaja kosa lenye gharama na kusema nani aliumia nilimwamini na mengine yote. Aliyetaja kosa lisilo na gharama nilijua anaficha.

#44 Bwana Mapesa
Mzee lakini wewe ulikuwa unafunga faili kwa swali moja tu, tukuamini vipi? 😂

#45 Lugha Gongana
Mshika Kalamu ana kosa lake tayari. Yule wa nyumba ya Mbagala. Nani aliidhinisha ule mkopo?

#46 Mshika Kalamu
Mimi. Sahihi yangu ipo. Duka nililitembelea mara moja nikakuta limejaa, sikurudi. Kumbe nusu ya mzigo ulikuwa wa jirani, uliazimwa kwa siku ile.

#47 Mkenya Mpole
Weeeh! Hiyo usiiache nyumbani. Lakini malizia na unachofanya sasa tofauti, ama utaonekana tu mtu wa kudanganywa.

#48 Mshika Kalamu
Sasa hivi naenda bila taarifa, tena siku mbili tofauti, na naangalia stakabadhi za mzigo sio mzigo wenyewe.

#49 Kijiti
Naomba kuuliza, GMAT ya ngapi inatosha kuitwa? Mdogo wangu kapata 655 kati ya 800, tumekata tamaa.

#50 Fundi Sivii
Huo mtihani ulishabadilika. Toleo jipya lilianza mwishoni mwa 2023 na alama zake zinakwenda 205 mpaka 805, zote zinaishia na 5. Hiyo 655 usiilinganishe na ya zamani, kwa mtihani mpya ni alama nzuri sana. Aombe.

#51 Kijiti
Duh! Ngoja nimpigie, alikuwa ashaanza kuuza vitabu.

#52 Mshika Kalamu
Wakuu moja la mwisho kabla sijaenda kulala. Nikiulizwa nimeomba shule gani nyingine, nitaje au nisitaje?

#53 Bwana Mapesa
Usitaje. Sema ni wao tu.

#54 Fundi Sivii
Taja zote. Wanajua hakuna mtu anaomba moja, wanataka kuona kama orodha yako inaeleweka.

#55 Mpemba wa Maskati
Mie nilitaja, akaniuliza zote zikikupa nafasi utachagua ipi.

#56 Mshika Kalamu
Ukajibuje?

#57 Mpemba wa Maskati
Nikamwambia itategemea ipi inalipa ada. Akacheka, akasema hata yeye ndivyo alivyochagua.

#58 Bwana Mapesa
Ila ulipita au hukupita? Maana hujasema.

#59 Mla Urojo
Kweli, hajasema 👀